Regyuleta ya kuzamia Ziwa Victoria: anza na spea na fundi, jina la kampuni baadaye

Wanaozamia Mwanza wengi si watalii, ni watu wa kazi. Wanashuka kukagua nyavu za vizimba vya sato, kukata kamba iliyojisokota kwenye propela, kuzibua wavu wa bomba la kuchotea maji, kufuata injini ya mtumbwi iliyochomoka ikazama, na siku nyingine kumtafuta mtu. Kina chenyewe si cha kutisha. Sehemu ya chini kabisa ya ziwa lote inazidi mita 80 kidogo tu, na kazi nyingi za Ghuba ya Mwanza huishia kati ya mita 5 na 20. Kwa hiyo muuzaji anapokusifia regyuleta, yaani kifaa kinachokupa hewa ya mtungi ukiwa chini ya maji, kwamba inahimili barafu na inafika vina vya ajabu, anakuuzia sifa ambazo hutazitumia. Kinachoua regyuleta huku ni tope, hewa mbovu ya kompresa na umbali wa kumfikia fundi. Chagua kwa kuangalia hayo matatu, halafu jina lililoandikwa kwenye kifuniko liangalie mwisho.

Baridi tuimalize hapa hapa. Kiwango cha Ulaya cha EN 250, ambacho regyuleta nyingi za maana hupimwa nacho, huyaita maji kuwa ya baridi yakiwa chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Regyuleta isiyofaa kwa maji hayo hupigwa chapa ya >10 °C. Ziwa letu kwa kawaida liko juu ya nyuzi 22, hivyo chapa hiyo isikukimbize dukani. Inayostahili kutafutwa ni herufi A, yaani EN 250A: maana yake regyuleta imepimwa pia ikiwahudumia wazamiaji wawili kwa pamoja, mmoja kwenye mdomo mkuu na mwingine kwenye ule wa akiba. Karibu na chapa hiyo pawepo CE, alama ya Ulaya ya usalama wa bidhaa, ikifuatiwa na tarakimu nne, ambazo ni namba ya taasisi iliyoikagua. CE tupu, isiyo na tarakimu, haitoshi kwa kifaa cha kupumulia.

Kabla ya kuchagua aina, ni vizuri kukumbuka kazi inavyogawanyika. Hatua ya kwanza ni kile kichuma kinachofungwa kwenye mtungi. Inapokea presha ya bar 200 na kuishusha hadi kama bar 9 au 10 juu ya presha ya maji yanayokuzunguka. Hiyo ndiyo presha ya kati. Hatua ya pili, ile ya mdomoni, inaimalizia kwa kukupa hewa ya kuvuta kila unapovuta. Hitilafu nyingi zinazosikika mdomoni zimezaliwa kwenye hatua ya kwanza, na hapo ndipo watu wanapotibu mguu wakati kidonda kiko mkononi.

Hatua ya kwanza iko ya pistoni na ya kiwambo, yaani utando wa mpira. Ya pistoni ina matundu ubavuni, na maji ya ziwa yanaingia hadi kwenye springi. Baharini kwenye maji meupe hilo halina shida kubwa, ukisuuza vizuri imetosha. Hapa Mwanza, ukipiga magoti chini ya kizimba kilichokaa msimu mzima, unalitibua tope laini lililochanganyika na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula, nalo linaingia pale pale kwenye springi. Linakaa kwenye oringi, ile pete ya mpira ya kuzibia, ya shina la pistoni. Pistoni inapanda na kushuka kila pumzi, tope linasaga oringi na kukwaruza chuma, na mwisho wake ni mapovu yanayotoka kwenye yale matundu ya ubavuni. Ukiyaona hayo, usiifungue kwa spana ya bomba. Kampuni imetengeneza kifaa chake maalumu cha kuifungulia.

Ya kiwambo iliyozibwa haimpi ziwa mlango. Nje kuna kiwambo cha pili cha mpira kinachosukumwa na maji, na ndani springi inakaa pakavu. Ziwa linagusa mpira tu. Ziba hiyo ilibuniwa hasa kwa ajili ya barafu, lakini kwetu faida yake ni tope. Kwa mzamiaji wa vizimba au wa chini ya gati, chaguo letu la kwanza ni hatua ya kwanza ya kiwambo, iliyozibwa na yenye mizani. Apeks DS4 ni mfano, Scubapro MK17 ni mfano mwingine, na kampuni kubwa karibu zote zina ya namna hiyo.

Mizani maana yake ni kwamba presha ya mtungi inapopungua, uzito wa kuvuta haubadiliki. Regyuleta ya pistoni isiyo na mizani, kama Scubapro MK2, presha yake ya kati hushuka kadiri mtungi unavyokwisha. Mtu mmoja akiwa mita 8, anafanya kazi polepole, hatalitambua hilo mpaka mtungi uwe chini ya bar 50. Lakini weka watu wawili kwenye mtungi huo wenye bar 40, mmoja ameishiwa hewa na anapumua kwa hofu, na hapo ndipo atasema regyuleta inambana. Hata hivyo regyuleta ya aina hiyo hatuidharau. Ina sehemu chache mno, inavumilia, na kwa mtu wa Ukerewe anayeshuka mita 5 kuangalia tangi la boti lake mara moja moja, ni bora iliyo sahili na inayofanyiwa sevisi kuliko ya kifahari isiyoguswa miaka minne.

Sasa spea. Kila regyuleta inapofanyiwa sevisi hubadilishwa vitu vidogo vidogo: siti ya presha kubwa na siti ya presha ndogo (vipande vinavyofunga na kuachia hewa), oringi zote, chujio la mlangoni, pengine na vali ya kutolea pumzi. Vinauzwa pamoja kama kiti ya sevisi (yaani pakiti ya spea), ikiwa na namba yake. Kampuni nyingi haziuzi kiti hiyo kwa mtu yeyote, zinamuuzia fundi aliyesomea regyuleta zao tu. Biashara ya kuzamia Tanzania iko pwani, Zanzibar na Dar es Salaam, na kutoka Mwanza hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,100 za barabara. Kwa hiyo kabla ya kutoa hela uliza hivi: namba ya kiti ya hatua ya kwanza ni ipi, ya hatua ya pili ni ipi, nani Afrika Mashariki ana ruhusa ya kuifungua, na je, unaweza kuniuzia kiti mbili pamoja na regyuleta yenyewe? Muuzaji akianza kukuambia "hii haiharibiki", ondoka.

Kampuni nyingi husema sevisi ni kila mwaka au kila mbizi 100, lolote litakalotangulia. Zingine zinaruhusu miaka miwili ikiwa katikati yake imekaguliwa. Mtalii anamaliza mwaka bila kufika 100. Mzamiaji wa vizimba anayeshuka mara 3 kwa siku, siku 5 kwa wiki, anazitimiza kabla wiki ya saba haijaisha. Hesabu hiyo ndiyo inayofanya seti mbili za aina moja kuwa na akili kuliko seti moja ya bei ya seti mbili. Moja ikiwa kwenye basi kwenda kwa fundi, nyingine inafanya kazi, na zote zinatumia kiti zile zile, hozi zile zile, hata mpira wa mdomoni ule ule.

Fundi wa friji mjini anaweza kuwa na mikono mizuri sana, na ataifungua akiombwa. Tatizo ni kwamba hana kitabu cha vipimo, hana kiti, na grisi yake ni ya petroli. Ndani ya regyuleta hupakwa grisi maalumu ya silikoni, kidogo tu, ya kuing'arisha oringi. Grisi ya gari au mafuta ya kupuliza ya kulegeza nati hayakaribishwi humo: yanavimbisha baadhi ya mipira, mvuke wake unaingia kifuani, na palipo na oksijeni nyingi yanaweza kuwaka.

Kifaa cha bei ndogo kuliko vyote na chenye msaada mkubwa kuliko vyote ni geji ya presha ya kati. Inachomekwa kwenye hozi ya kujazia jaketi la kuelea, basi. Wengi wanaomiliki regyuleta huku hawana. Kipimo kinafanywa hivi. Hakikisha hatua ya pili imefungwa mahali pake, kwa sababu ndiyo inayoachia presha ikizidi. Chomeka geji, kisha fungua mtungi polepole, uso ukiwa pembeni ya kioo cha geji hiyo na cha geji ya mtungi. Sindano isimame kwenye kiwango cha kitabu, kwa kawaida bar 9 hadi 10. Bonyeza kitufe cha kupuliza mara kadhaa: sindano itaanguka na kurudi papo hapo pale pale ilipokuwa. Kisha iache dakika tano bila kuigusa. Ikipanda kidogo mara moja na kutulia, sawa. Ikiendelea kupanda, ikapita ongezeko la bar 0.3 na bado inapanda, siti ya presha kubwa imechoka au ina uchafu. Hewa inapenya ambako ilipaswa kuzuiwa. Rudia kipimo mtungi ukiwa na bar 200 na tena ukiwa na bar 50. Yenye mizani itasoma karibu sawa mara zote mbili.

Kupanda huko ndiko kunakoleta ile sauti ya "sss" inayoanza mdomoni dakika chache baada ya mtungi kufunguliwa kwenye boti. Kosa linalofanywa sana ni kuikaza ile nobu ya kurekebishia uvutaji hadi sauti inyamaze. Imenyamaza kweli, lakini ugonjwa uko hatua ya kwanza na unaendelea. Bora kuijua tabia hii: hatua ya pili nyingi vali yake hufunguka kwa kusukumwa na presha ya kati yenyewe, hivyo presha hiyo ikizidi inapuliza hewa nje badala ya kukufungia. Kelele hiyo ni ulinzi wako, usiuzibe. Zipo hatua za pili za muundo mwingine, kama Poseidon Jetstream, ambazo vali ndogo ndiyo inayoifungua kubwa. Zinavutika kwa ulaini wa ajabu, lakini zinataka fundi wake hasa. Kwa Mwanza hatuzipendekezi, na sababu ni fundi, si ubora.

Hatua ya pili ya kuzamia ziwa hili ina sharti moja ambalo watu wa bahari hawalitilii mkazo: iwe kavu. Matone yakiingia mdomoni baharini, ni chumvi, unameza na kusonya. Hapa ni maji ya mwambao wenye mji, makaro na mifereji yake, na karibu na magugu kuna konokono wanaobeba kichocho. Vijidudu vya kichocho vinapenya ngozi, na ngozi laini ya mdomo haivizuii hata kidogo. Regyuleta kavu haiikingi ngozi yako nyingine, hiyo ni kazi ya suti, na kupimwa na kupewa praziquantel ni kazi ya hospitali. Lakini hakuna sababu ya kuyanywa maji hayo kwa sababu ya kipande cha mpira.

Kipimo cha ukavu hakihitaji mtungi uliojaa wala fundi. Regyuleta ikiwa haina presha, funika mdomo wa hatua ya kwanza kwa kifuniko chake cha vumbi, weka hatua ya pili mdomoni, vuta kwa nguvu ya kawaida na ushikilie. Hakuna hewa inayopaswa kuja. Ikija, hata kidogo, basi panapopita hewa ukiwa nchi kavu patapita maji ukiwa chini. Tafuta kwa mpangilio huu. Kwanza mpira wa mdomoni: uvute kwa vidole pale unapobanwa na tai ya plastiki, na pale meno yanapokaa, maana unapasuka kwa upande wa chini usiouona. Pili vali ya kutolea pumzi. Ondoa kile kifuniko cha kugawia mapovu pande mbili, utaona kiduara chembamba cha silikoni kimelala juu ya kikalio chake. Kipepee kwa kidole kilichosafishwa. Mara nyingi utakuta uzi wa mwani umelala ukingoni, mfupi kama ukucha, au punje moja ya mchanga, na ukingo wa silikoni umejikunja juu yake. Ondoa, osha kwa maji safi, rudisha, pima tena. Kikibaki kimekunjamana hata baada ya kuoshwa, kibadilishe. Tatu kiwambo kikubwa chini ya kitufe: kinaweza kuwa kimekaa upande baada ya mtu kukifungua na kukirudisha haraka. Mwisho ni nyufa za ganda lenyewe, hasa regyuleta iliyowahi kuangukiwa na mtungi.

Anayefanya kazi akiwa chali chini ya chombo, akisugua au kukata kamba, aangalie pia umbo. Hatua ya pili ya kawaida ina vali ya kutolea pumzi kwa chini. Ukigeuka chali, chini panakuwa juu, maji yaliyoingia hayatoki, na unavuta ukungu. Zile zenye kutolea pumzi ubavuni hazijali sana umegeukia wapi.

Ulaini wa kuvuta unapimwa kwenye beseni. Fungua mtungi, shika hatua ya pili mdomo ukiwa juu, ishushe polepole kwenye maji. Kiwambo kinaposukumwa na kimo fulani cha maji, hewa inaanza kutoka. Kama inaanza maji yakiwa sentimita 2.5 hadi 4 juu ya kiwambo, iko vizuri. Chini ya hapo itakuwa inapuliza yenyewe kila unapoikabili mikondo au kuruka majini. Juu sana, kifua kitachoka. Ile ya akiba irekebishwe iwe nzito kidogo, kwa sababu inaning'inia bila mtu na ikianza kupuliza kwenye giza la tope utapoteza hewa nyingi kabla hujajua mlio unatoka wapi.

Kwenye tope, mpangilio wa hozi ni nusu ya uaminifu wa regyuleta. Kuona mita moja hapa ni jambo la kawaida, na karibu na mdomo wa mto baada ya mvua hata hiyo mita huipati. Mdomo wa akiba uwe wa njano, na uning'inie chini ya kidevu kwa mpira wa shingoni, usiuache ukiburuzwa kiunoni ambako unajaa tope. Hozi zikae karibu na mwili, kwa sababu nyavu za vizimba na zile za wavuvi zilizotelekezwa zinakamata kila kilichotokeza. Kwa hilo tunapendelea DIN, inayoingia kwa nyuzi ndani ya vali ya mtungi, kuliko klempu, inayoibana vali kwa nje: ile nobu ya klempu iliyotokeza nyuma ya kisogo ni ndoano nzuri sana ya kunasa wavu. Ila angalia kwanza mitungi utakayotumia. Vali nyingi za mitungi ya bar 200 zina kipande cha katikati kinachofunguliwa, ukikitoa inapokea DIN, ukikirudisha inapokea klempu. DIN ya bar 300, yenye nyuzi 7, inaingia kwenye vali ya bar 200. Ya bar 200, yenye nyuzi 5, haiwezi kuziba kwenye vali ya bar 300.

Geji ya mtungi tunataka ya sindano, kwenye hozi. Ile ya kutuma namba bila waya kwenye kompyuta ni nzuri, lakini iwe ya pili. Ukiona mapovu madogo yakitoka pale geji inapozungukia kwenye hozi yake, kuna kijipini ndani chenye oringi mbili ndogo sana, namba 003. Funga hewa, fungua, badilisha, dakika tano imekwisha. Bila hizo oringi mbili siku ya kazi imekufa.

Hozi zenyewe nunua za mpira. Zile zilizosukwa nje kwa nyuzi ni nyepesi na zinapinda vizuri, lakini katika baadhi yao bomba la ndani limeonekana kuharibika kwenye joto na unyevu, likatengeneza chembe ngumu zinazoziba njia ya hewa au kwenda hadi hatua ya pili. Nje hozi inaonekana mpya. Ya mpira inakuonyesha ugonjwa wake: rudisha nyuma ile soksi ya plastiki inayokinga kiungo, pinda hozi kidogo, na nyufa zitajitokeza. Watu hawaivuti soksi hiyo mwaka hadi mwaka.

Kuhusu hewa, regyuleta nzuri haiisafishi. Ondoa kifuniko cha hatua ya kwanza utazame lile chujio dogo la chuma mlangoni. Linapaswa kuwa na rangi moja safi ya metali. Likiwa na kijani, maji yaliingia na shaba inaoza. Likiwa na wekundu wa kahawia, ni kutu kutoka ndani ya mtungi wa feleji uliojazwa unyevu. Vumbi jeusi ni mkaa wa chujio la kompresa, yaani mtu ameliacha likapita muda wake. Joto na unyevu wa ziwani hulimaliza chujio la kompresa mapema kuliko saa zilizoandikwa kwenye kitabu cha nchi za baridi. Kiwango cha EN 12021 kinataka kaboni monoksaidi isizidi sehemu 5 kwa milioni na mafuta yasizidi miligramu 0.5 kwa mita ya ujazo. Ukipuliza hewa ya mtungi kwenye kitambaa cheupe utaona mafuta yakiwa mengi. Kaboni monoksaidi hutaiona wala kuinusa. Umeme ukikatika na kompresa ikaendeshwa kwa injini ya petroli, mdomo wake wa kuvutia hewa uwe juu na upande upepo unakotoka, mbali na moshi. Na ile kompresa ya kupakia rangi magari, inayofungwa mpira mrefu na mtu akashushwa nayo, haina chujio la kupumulia kabisa. Hakuna regyuleta ya kuiokoa.

Mwinuko hauisumbui regyuleta. Ziwa liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ya juu ya maji ina presha ya kama bar 0.88, na regyuleta inajipima kwa presha iliyopo. Kinachosumbuka ni geji ya kina na kompyuta. Zipangwe kwa maji yasiyo na chumvi na kwa mwinuko huo, kwa sababu jedwali la usawa wa bahari halifai Mwanza.

Ukinunua iliyotumika, na wengi ndiko tunakoanzia, nenda na geji yako ya presha ya kati. Soma namba ya toleo, kisha tafuta kama kiti yake bado inatengenezwa kabla hujazungumza bei. Angalia chujio, vuta soksi za hozi, fanya kile kipimo cha ukavu mbele ya muuzaji. Bei yake ijumlishe sevisi kamili na hozi zote mpya, hata akikuapia ilifanyiwa juzi. Seti isiyo na jina la kampuni wala EN 250, inayouzwa mtandaoni kwa bei ya simu ya kitochi, haina kiti, na siku siti ikichoka unatupa yote.

Ukitoka majini, suuza regyuleta ikiwa bado imefungwa kwenye mtungi wenye presha. Presha hiyo ndiyo inayoyazuia maji kupanda ndani. Usisuuzie ziwani. Tumia maji ya bomba, au maji yaliyokaa kwenye simtank siku mbili, ambapo vijidudu vya kichocho vitakuwa vimekufa. Kama imeshatolewa kwenye mtungi, kausha kifuniko cha vumbi kwa kitambaa, usikipulizie hewa ya mtungi karibu na mlango wa hatua ya kwanza, kifunge, na usibonyeze kitufe cha kupuliza ndani ya maji. Ukibonyeza bila presha unafungua njia na tope linakwenda hadi kwenye siti. Mpira wa mdomoni uoshwe kwa sabuni, hasa seti ikitumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Anika kivulini. Ilegeze nobu ya kurekebishia kabla ya kuihifadhi ili siti isichimbike, na uweke seti kwenye mfuko uliofungwa vizuri, maana mende wanapenda kulala kwenye mdomo wa regyuleta kuliko unavyodhani.

Kisanduku cha boti kiwe na oringi kumi za namba 014 kwa vali za klempu, na chache za DIN kwa namba iliyoandikwa kwenye kitabu chako. Ziwe ngumu, za kipimo cha 90. Ile ya dukani ya mabomba, laini na ya milimita, inafanana nayo kwa macho lakini kwenye bar 200 inatemwa nje kwa mlio wa bunduki. Weka 011 za hozi za presha ndogo, 012 za hozi ya presha kubwa, 003 za geji, mpira wa mdomoni na tai zake, plagi moja ya kila aina ya tundu, grisi ya silikoni, na hatua ya pili nzima ikiwa na hozi yake. Spana ya milimita 14 inashika viungo vingi vya presha ndogo, ya 16 inashika vya presha kubwa. Kaza hadi ishike, kisha kidogo tu tena. Anayeziba ni oringi, na nyuzi za shaba iliyopakwa kromu zikikatika kwa nguvu za mkono, mwili wa hatua ya kwanza umekwisha.